Filamu Mbaya Nilizoziangalia kwa Niaba Yenu

Siku mliyoniaga mlinipa televisheni. Nilishukuru na bado nashukuru, ingawa ni kama mpishi anayestaafu kisha anazawadiwa sufuria. Iko hapa sebuleni Kitale, imefunikwa kitambaa, na sijaiwasha. Nimekaa na daftari badala yake, kwa sababu Faith, ambaye sasa anakalia kiti changu pale studio, alinivuta kando kabla keki haijakatwa.

"Madam Nanjala, si utuandikie?" akaniambia. "Mimi naogopa. Utasemaje filamu ya mtu ni mbaya na huyo mtu anakaa Kanduyi, mnakutana naye sokoni?"

Nilimwambia nitaandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili na cha pili kilikuja na meza tu. Nitasema kazi ilivyokuwa.

Sikuanzia redioni. Nilianzia hapa Kitale, katika duka la kukodisha kanda za video, nikiwa nimemaliza shule na kazi yangu ikiwa kumsaidia mama kuchambua maharagwe. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi. Aliyelisimamia alikuwa Mama Hansa, mjane mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mzaliwa wa Kitale, aliyejua Kibukusu cha sokoni kuwashinda baadhi ya Wabukusu. Mumewe alikuwa amemwachia rafu nne za kanda, na yeye alikuwa amekataa kuziuza.

Asubuhi ya kwanza alinifundisha kusafisha mashine ya video kwa pamba iliyochovywa spiriti, taratibu, upande mmoja tu, kama mtu anayemfuta mtoto macho. Alinifundisha kurudisha kanda mwanzo kabla ya kuiweka kwenye rafu. Alinionyesha jinsi ya kufungua kanda iliyoota ukungu, maana Kitale mvua ikianza kila kitu kinaota ukungu, hata viatu vya kanisani. Yote hayo niliyashika kabla ya saa sita. Alasiri nikaharibu.

Aliingia mzee mmoja, mkulima kutoka upande wa Endebess, kofia mkononi. Akauliza kama tuna kanda ya kuchekesha. Nilichukua moja iliyokuwa na picha ya mtu aliyeangukia keki, nikampa kwa mikono miwili.

"Hii mtacheka mpaka mshike mbavu," nikamwambia. Sikuwa nimeiona.

Siku ya tatu akairudisha. Hakuwa na hasira. Aliiweka juu ya kaunta akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Dada," akasema, "tulikaa watu kumi na mmoja. Tumemzika mke wangu juzi juzi tu. Watoto tangu hiyo siku hawaongei. Nilitaka wacheke kidogo."

"Na hawakucheka, baba?"

"Hiyo kanda yako inaanza na mazishi. Jeneza linaanguka, ati ndiyo kichekesho."

Mama Hansa alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Alitoka, akamwomba mzee msamaha, akachagua kanda nyingine yeye mwenyewe, ya wanyama waliochorwa. Mzee alipoondoka, aliweka ile ya keki kwenye mashine iliyokuwa juu ya kaunta akaniambia nisimame niiangalie, wateja wakiingia na kutoka. Niliiangalia. Ilikuwa kichekesho kibaya hata kwa mtu asiye na msiba. Kila baada ya dakika chache mtu anaanguka, na filamu inasubiri ucheke, kama mgeni aliyesema utani na anakuangalia usoni.

"Umecheka?" akaniuliza mwishoni.

"Hapana, mama."

"Mimi pia. Sasa kesho mtu akiingia, kwanza uliza: unaangalia na nani? Halafu ndiyo uende kwa rafu."

Hilo swali limenifaa kuliko cheti changu chochote. Filamu anayoangalia kijana na wenzake si ile anayoangalia mtu na mama mkwe wake, hata kama ni kanda moja. Mzee wa Endebess alirudi wiki iliyofuata akasema kifungua mimba wake alikuwa bado kimya, lakini mdogo alimcheka yule mbuzi wa kwenye kanda. Alisema hivyo tu, akachukua kanda nyingine.

Kuanzia hapo nikawa naangalia kila kanda mpya kabla haijatoka dukani, na ndani ya kasha naweka kadi niliyoandika kwa mkono. Zile kadi zilikuwa fupi kwa sababu karatasi ilikuwa ndogo, si kwa sababu ya ufundi. "Nzuri mpaka harusi. Baada ya harusi, zima." "Risasi nyingi, maneno machache, yote mawili bila sababu." "Baba mkwe akiwepo usithubutu." Watu wakaanza kuomba kusoma kadi kabla ya kuchagua. Wengine, nadhani, walisoma kadi wakaenda zao.

Mmoja wa waliosoma alikuwa Bwana Simiyu, mtayarishaji wa vipindi kutoka redio ya Bungoma, aliyekuwa akija Kitale kumwona dada yake. Alicheka peke yake pale kwenye rafu, kisha akauliza nani ameandika. Sikujua kama nitasifiwa au nitafukuzwa. Miaka michache baadaye, sidii za filamu zilipojaa kila kibanda na Mama Hansa akafunga duka akaenda kuishi na binti yake Kisumu, Simiyu alinitafuta.

"Nina dakika kumi Jumamosi saa tisa," akaniambia. "Zile kadi zako, zisome tu hewani."

Jumamosi ya kwanza taa nyekundu iliwaka nikasahau jina langu. Simiyu alinitazama kupitia kioo, akaingia kwa kunyata, akaniandikia kwenye karatasi: "Kuna mama mmoja anakanda chapati. Mwambie yeye." Nikamwambia yeye. Nimekuwa nikimwambia yeye mpaka juzi.

Wenzangu, nyinyi mnadhani kazi ngumu ni filamu mbaya kabisa. Ile ni rahisi, mbaya kabisa inajisema yenyewe. Ngumu ni ile inayopendwa na watu na wewe ukiiangalia unahisi kama umemeza jiwe. Kuna mwaka kilikuja kichekesho kutoka Nairobi ambacho mji mzima ulikuwa unakirudia. Shujaa wake alikuwa mlinzi kutoka Bungoma, na kichekesho chote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni kwamba anaweka r mahali pa l. Anasema "nimekura", watu wanaanguka. Anasema "nyumba ya mbari", wanaanguka tena. Nusu ya pili hakuna jipya, ni herufi ile ile tu.

Nilisema hewani: "Baba yangu aliongea hivyo maisha yake yote. Na alikuwa mtu wa kuchekesha sana, watu walikuwa wanakuja kwetu jioni kumsikiliza. Hakuna hata siku moja kichekesho chake kilikuwa hiyo herufi."

Simu ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja wa Webuye, amekasirika kwa niaba yangu.

"Madam, umesema kweri!" akapaza sauti. "Kweri kabisa! Hawa watu warituchezea vibaya!"

Nyuma ya kioo Simiyu aliinama chini ya meza mabega yakitikisika. Mimi nilishika maikrofoni kwa mikono yote miwili nikamshukuru msikilizaji. Hicho ndicho kichekesho kizuri pekee nilichokutana nacho mwaka ule, na hakuna aliyekuwa amekiandika.

Filamu za makala, zile za kuonyesha maisha ya watu halisi, ndizo zilizonidanganya zaidi, kwa sababu nilikuwa naziamini. Ilikuja moja iliyotengenezwa na wageni kuhusu mama mjane, mkulima wa viazi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Muziki wake ulikuwa wa huzuni, na mama mwenyewe ameketi katika jiko lenye moshi, sauti ya mwanamume inatuambia kwamba hana kitu duniani isipokuwa matumaini. Niliisifu sana. Nilisema ni ukweli mtupu. Nadhani hata sauti yangu ilikatika kidogo, na haikukatika kwa bahati mbaya.

Alhamisi iliyofuata nikaitwa mapokezi. Palikuwa na mama amesimama wima, gambuti safi za mpira miguuni, mkoba wa ngozi, na kikapu cha viazi kando yake.

"Ni wewe umesema kwa redio ati mimi sina kitu?"

Nilimtambua uso. Ni yule wa kwenye jiko. Jina lake Mama Chebet. Nikamkaribisha chai, akakaa, akaeleza bila haraka.

"Hao watu walikuja wakapata nyumba yangu ya mabati, nimepaka rangi. Wakasema kamera haipendi mabati. Wakaniweka kwa jiko la zamani, pale kuku zinalala. Ng'ombe zangu nne zikapelekwa nyuma. Wakaniambia nitoe gambuti. Halafu yule mwenye kofia akaniuliza, mama, usiku ukilia unalilia nini? Nikamwambia, mimi usiku silii. Nalala. Hiyo hawakuweka."

Nilimwuliza kama angekubali kusema hayo hewani. Akasema ndiyo maana amekuja, na viazi ni vya kunishukuru mapema. Jumamosi alikaa karibu na mimi, akaongea na maikrofoni kama jirani kwenye ua.

"Mimi sikatai mtu kunisaidia," akamaliza. "Nakataa mtu kunionea huruma na hajafika kwangu."

Usiku kabla ya kipindi hicho, au tuseme jioni, niliangalia ile filamu tena. Pale pale ambapo sauti inasema hana kitu duniani, ng'ombe analia nyuma ya nyumba, waziwazi kabisa. Nilikuwa nimemsikia mara ya kwanza na sikumsikiliza. Tangu hapo, filamu ya makala nikiiangalia, macho yangu yako pembeni ya picha na masikio yako nyuma ya muziki. Inaharibu starehe lakini inasaidia kazi.

Sasa nifike kwa jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu, kwa sababu lilitokea kabla hamjaja.

Alikuja studio dada mmoja wa Bumula, jina lake Sylvia Nasimiyu, fundi wa nguo, kama miaka thelathini. Alikuwa na flashi ya kompyuta ameifunga kwa kipande cha kitenge. Alikuwa ametengeneza filamu yake mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili, kwa kamera ya kuazima, waigizaji wakiwa majirani, Jumapili baada ya ibada, kwa miaka miwili. Aliiita Kitanda cha Tano.

"Madam, sitaki unisifu," akaniambia. "Nataka tu uiangalie."

Niliiweka Jumamosi asubuhi. Mzee amekaa kwenye benchi nje ya wodi, anasubiri habari za mkewe mgonjwa. Anakula njugu. Anashona kiatu chake kilichofumuka. Anamwelekeza mgeni aliyepotea njia. Upepo unapiga kwenye maikrofoni. Dakika arobaini na mzee yuko kwenye benchi. Kisha stima ikapotea, na laptopu yangu, ambayo betri yake ilikuwa imezeeka kabla yangu, ikazima.

Ilikuwa saa tano. Kipindi ni saa tisa, na Simiyu alikuwa ameshakitangaza. Ningeweza kusema, wasikilizaji, sijamaliza, tuonane wiki ijayo. Hakuna ambaye angekufa. Lakini nilikuwa na miaka mingi kazini, na miaka mingi hukufanya uamini pua yako kuliko macho yako. Nilijiambia najua itakavyokwisha.

Saa tisa nikasema filamu haina hadithi, ni mtu anakaa kwenye benchi na sisi tunakaa naye. Na kwa vile niliona Simiyu anaanza kutabasamu, nikaongeza: "Huyu dada ni fundi wa nguo. Sasa nguo isiyo na mshono nani atavaa? Namshauri arudi kwa cherehani."

Studio nzima ilicheka. Maneno yakatoka nje yakatembea. Mchezaji akikosa goli, mashabiki wanapiga kelele arudi kwa cherehani. Mwalimu wa kwaya akipoteza sauti, cherehani. Nilisikia mhudumu wa hoteli akimwambia mwenzake aliyemwaga chai. Na sitawaficha, nilifurahi. Nilidhani huo ndio umaarufu.

Miezi kama minne ikapita. Nilikuwa nasafisha droo, nikakuta flashi kwenye kitenge chake. Nilikuwa nahitaji flashi. Niliichomeka ili nifute kilichomo, na kabla ya kufuta, kwa mazoea tu, nikafungua filamu nikaisogeza mpaka pale ilipokatikia.

Muuguzi anafungua mlango. Tunaingia wodini naye kwa mara ya kwanza. Kitanda cha tano kiko dirishani, na mke wa yule mzee hajalala. Yuko macho, amegeukia dirisha. Kutoka hapo anaona benchi. Sasa filamu inaanza upya, saa zile zile, lakini kwa macho yake yeye. Tunamwona mumewe akila njugu, na yeye mgonjwa anatabasamu kwa sababu anajua atamwachia nusu mfukoni, kama kawaida yake. Tunamwona akishona kiatu, na midomo ya mama inatembea, anamhesabia mishono. Tunamwona akimwelekeza mgeni, na mama anatikisa kichwa, maana amemwelekeza siko. Muuguzi anamwuliza, "Mama, nimwite sasa?" Naye anasema, "Usimwite bado. Bado namwangalia."

Anasema hivyo mara tatu. Mara ya nne muuguzi akija, hakuna wa kumjibu.

Nilifunga laptopu nikatoka nje, nikasimama kando ya kamba ya kuanikia nguo bila nguo hata moja mkononi. Ile benchi niliyoicheka ilikuwa ndiyo hadithi yenyewe, na mtu aliyeitengeneza alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

Kesho yake nikaenda Bumula. Nilimkuta Nasimiyu kwenye baraza la duka, anashona sare za shule. Alinitambua kabla sijasema.

"Karibu, Madam. Umeleta nguo?"

"Hapana, Sylvia. Nimeleta kosa."

Akaendelea kukanyaga cherehani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: stima, betri, saa tisa. Nikamwambia, "Sikuimaliza. Niliihukumu na sikuimaliza."

Mguu wake ukasimama.

"Mimi nilijua umeona yote," akasema. Sauti yake haikupanda. "Hiyo ndiyo ilinimaliza, Madam. Kama ungesema mbaya na hujaona, ningekutukana nikaendelea. Lakini nikasema, huyu mama ameona filamu zote za dunia. Ameona mpaka mwisho, ameona yule mama kwa dirisha, na bado akacheka. Basi haina kitu. Nikaifuta."

"Umefuta nini?"

"Yote. Pale saiba, kwa kompyuta za kukodi, walikuwa wananiwekea. Nikawaambia wafute." Akashika kitambaa, akakinyoosha, ingawa kilikuwa kimenyooka. "Yule mzee wa benchi ni baba yangu. Alikufa miezi miwili baada ya hapo. Siku ya matanga watu wakaniuliza, si ulimpiga picha akitembea, akiongea, hebu tuone. Nikasema hakuna."

Nikafungua mkoba, nikatoa flashi, nikaiweka juu ya meza ya cherehani, bado imefungwa kwa kitenge chake.

Hakuichukua. Aliangalia kile kitenge kwa muda, kisha akarudisha kitambaa chini ya sindano akamaliza mshono aliokuwa ameuanza, mpaka mwisho, akakata uzi. Ndipo akaichukua kwa mikono miwili.

"Nilidhani mlishafuta," akasema.

"Jana nilikuwa nafuta," nikamjibu. Hakukuwa na faida ya kuficha hata hilo.

Jumatatu nikamwambia Simiyu nataka kuomba msamaha hewani. Hakupenda.

"Nanjala, pigia huyo dada simu, mpelekee sukari, yaishe. Ukisema kwa redio, nani atakuamini tena?"

"Mzee Simiyu, nilimcheka kwa redio. Siwezi kumwomba msamaha kwa sukari."

Alikaa na hilo mpaka Ijumaa, kisha akasema sawa, lakini yeye hatakuwepo nyuma ya kioo. Alikuwepo. Nilisema kilichotokea kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, bila muziki. Simu zikaja. Wengine walinisifu kwa ujasiri, na hao nilitamani wakate. Bwana mmoja wa Naitiri akauliza swali lenye maana: "Sasa Madam, hizo zingine zote ulizosema, uliona?"

"Zote isipokuwa mbili," nikasema, nikazitaja. Nilikuwa nimetumia usiku wa kuamkia siku hiyo kuzikumbuka.

Wiki tatu baadaye Kitanda cha Tano kilionyeshwa Bumula, katika ukumbi wa kanisa, Jumapili alasiri. Madirisha yalizibwa kwa magunia na blanketi, shuka likatundikwa ukutani. Nilikaa nyuma. Nusu ya kwanza watu walichoka. Watoto walitoka, wakarudi, wakatoka. Mtu akakoroma. Nilijiambia, kwa haki kabisa, kwamba ni ndefu. Kisha mlango wa wodi ukafunguka.

Katikati ya sehemu ile mama mmoja mwenye leso kichwani akainuka kutoka mstari wa pili. Alikuwa mama yake Nasimiyu. Alitembea polepole mpaka mbele, akasimama karibu na shuka, na kivuli chake kikaangukia benchi, kando ya mumewe. Alibaki hapo. Hakuna aliyemwambia akae chini, na hakuna aliyelalamika kwamba haoni. Mzee alikula njugu zake, akashona kiatu, kivuli cha mkewe kikiwa kimekaa naye, mpaka picha ikaisha.

Nje, watu walipokuwa wanasalimiana, Nasimiyu alinijia.

"Sasa sema," akaniambia.

"Ile nusu ya kwanza bado ni ndefu. Dakika kumi zingetoka. Na upepo unaua sauti."

"Upepo nitautoa," akasema. "Dakika sitoi hata moja. Sasa nikitoa, namtoa baba."

Sikubishana. Filamu ni yake.

Kwa nini nawaandikia haya yote, sijui kama nimejibu alichouliza Faith. Woga haukuniisha. Nilijifunza tu kwamba mtengenezaji anaweza kuvumilia maneno makali zaidi kuliko tunavyodhani, na kinachomvunja ni kujua mtu hakumtazama. Mengine mtajifunza kwa kukosea, kama mimi, na naomba makosa yenu yawe madogo.

Kipindi changu cha mwisho, mwezi uliopita, filamu iliyokuwa mezani ilikuwa ya Nasimiyu huyo huyo. Safari hii alikuwa amejaribu kichekesho, kuhusu kamati ya harusi inayogombana mpaka bwana harusi anatoroka. Niliiangalia Jumatano, nikairudia Ijumaa mchana nikitumaini nilikuwa na usingizi mara ya kwanza. Sikuwa na usingizi. Mjomba mlevi anaanguka mara nyingi mno. Kila mtu anapiga kelele, na mwenyekiti wa kamati anatueleza kichekesho baada ya kukisema. Wafanyakazi wenzangu wakaniambia, Madam, ni siku yako ya mwisho, msifu tu dada wa watu uende nyumbani kwa amani.

Saa tisa nikamwambia yule mama wa chapati kwamba kichekesho hiki hakijaiva, kwamba nimekiona mara mbili na nimecheka mara mbili tu, na kwamba aliyekitengeneza anaweza zaidi ya hapo. Kisha nikaaga, mkanipigia makofi, taa nyekundu ikazimika.

Simu yangu ikalia kabla sijafika mlangoni. Ni Nasimiyu.

"Madam, nimesikia," akasema. "Zile mara mbili ulicheka, ni wapi?"

Nikamwambia. Ya kwanza ni pale shangazi anapoficha orodha ya wageni ndani ya Biblia kisha anaombwa asome neno. Ya pili ni bwana harusi akikimbia na kiatu kimoja, halafu anarudi kuchukua cha pili, anaondoka tena. Nilisikia kalamu ikikwaruza, kisha karatasi ikigeuzwa.

"Sawa, hizo nimeandika," akasema. "Haya, sasa niambie zile hukucheka."

Nikavuta kiti cha mapokezi, nikakaa.